Uhakiki wa poligrafu: mashine ya woga iliyobandikwa jina la mizani ya ukweli

Poligrafu, ambayo mitaani inajulikana kama mashine ya kupima uongo, inapatikana kwa namna mbili. Unaweza kuinunua kama kifaa, yaani kisanduku cha vihisi, programu ya kompyuta na mafunzo ya mpimaji. Unaweza pia kuikodi kama huduma: mpimaji anakuja na vitu vyake, anakaa na mhusika saa mbili au tatu, anaondoka, kisha analeta ripoti. Wateja wake ni waajiri walioibiwa, wanandoa wanaoshukiana, mawakili wenye mteja anayeapa hana hatia, na idara za usalama. Wote wanatafuta njia ya mkato ya kuufikia ukweli bila mashahidi, bila kiapo na bila miezi ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama. Hapa tunaipima ahadi hiyo kwa kuiweka ubavuni mwa kitu inachodai kukirithi, ambacho ni ushahidi wa kiapo.

Tuanze na vifaa, kwa sababu hapo hatuna ugomvi nayo. Mirija miwili inayonyumbuka, mmoja kifuani na mwingine tumboni, hufuata pumzi. Mkanda wa presha, wa aina ile ile ya hospitalini, hufungwa juu ya kiwiko na kujazwa hewa kiasi cha wastani, mara nyingi karibu milimita 60 hadi 70 za zebaki. Vibati viwili vya metali kwenye vidole hupitisha umeme hafifu sana usiosikika, ili kusoma jinsi ngozi inavyobadilika jasho linapochomoza. Mitambo ya sasa huongeza klipu ya kidole ya kufuata mapigo na mto wa kukalia wenye kihisi cha mtikisiko. Mto huo usikubali kuukosa, kwa sababu ndio unaomnasa anayekaza misuli kwa siri. Katika kutoa alama, mstari wa jasho ndio wenye uzito kuliko mingine yote.

Muundo huu ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. John Larson aliunganisha kipimo cha presha na cha pumzi mwaka 1921 akiwa polisi wa Berkeley, California. Leonarde Keeler akaja kuongeza kipimo cha ngozi. Tangu hapo, karatasi na kalamu za wino zimekuwa skrini, lakini kinachosomwa ni kile kile. Nacho si uongo. Hakuna jasho la uongo na jasho la woga, wala mapigo ya moyo ya mwizi na mapigo ya moyo ya mtu anayesingiziwa wizi. Kifaa kinasoma mwili kwa usahihi mzuri. Tatizo linaanzia pale mtu anapokaa kuutafsiri.

Kipimo cha kawaida huanza kwa mazungumzo marefu, na mara nyingi mazungumzo hayo huchukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Maswali yote husomwa mapema, neno kwa neno. Hakuna la kushtukiza. Wateja wengi huduwaa wakisikia hivyo, lakini mantiki iko wazi: mshtuko wa swali jipya ungeharibu mistari. Baada ya hapo huja jaribio la namba. Mhusika anachagua namba, anaambiwa aikane kila inapotajwa, kisha mpimaji anamwonyesha mahali mwili "ulipomsaliti". Kazi ya jaribio hili ni kumwaminisha kwamba mashine haikosei. Asipoamini, haogopi, na asipoogopa, hakuna cha kupima.

Kisha huja chati, yaani duru za maswali zinazorekodiwa kwa mistari, kwa kawaida tatu au zaidi, kila moja ikiwa na maswali kama kumi yanayojibiwa ndiyo au hapana, na ukimya wa sekunde 20 hadi 30 baada ya kila jibu ili mwili utulie. Chati haipaswi kuvuka dakika tano au sita. Mkanda ukibana zaidi ya hapo mkono hufa ganzi, na maumivu huchora mstari wake mwenyewe. Ukiona chati ya dakika tisa au kumi ndani ya ripoti, iweke pembeni.

Maswali yako ya aina tatu. Yapo ya baridi, mfano "Je, leo ni Jumanne?" Yapo ya kesi: "Je, wewe ndiye uliyechukua fedha kwenye sefu?" Na yapo ya ulinganisho: "Kabla ya kutimiza miaka 25, uliwahi kumdanganya mtu aliyekuamini?" Hili la mwisho ndilo injini ya kipimo chote. Karibu kila mwanadamu aliwahi, lakini mpimaji humsukuma mhusika aseme hapana, kwa kumdokezea kwamba mtu wa namna hiyo ndiye angeiba. Hesabu inayofuata ni hii: mkweli atababaishwa zaidi na swali la ulinganisho, mwenye hatia atababaishwa zaidi na swali la kesi. Kila jozi hupewa alama kuanzia -3 hadi +3. Katika mfumo unaotumika sana, jumla ikifika +6 mtu anahesabiwa mkweli, ikishuka hadi -6 anahesabiwa mdanganyifu, na katikati ni "haijulikani".

Hebu tulitazame tena hilo swali la ulinganisho. Ili kumpata mkweli, mpimaji anamshawishi adanganye, kisha anamficha sababu ya swali. Kizimbani, wakili akimpotosha shahidi kuhusu maana ya swali, upande wa pili unasimama na kupinga palepale. Hapa upotoshaji ni sehemu ya maelekezo ya matumizi.

Na ndipo kipimo kinapoumiza watu wasiofaa. Chukua mtu aliyefiwa na mkewe, akaketishwa na kuulizwa, "Je, wewe ndiye uliyemuua?" Swali hilo litamtikisa zaidi ya lile la uongo wa ujanani hata kama mikono yake ni safi kama pamba, kwa sababu anajua lipi kati ya hayo mawili linaweza kumpeleka jela. Mwaka 1978 katika jimbo la Ohio, Marekani, mshtakiwa wa mauaji alikubali kabla kwamba matokeo ya poligrafu yatumike dhidi yake. Akaanguka kipimo, akatiwa hatiani, na baadaye wahusika halisi wakajulikana. Kipimo chake hakikuharibika mahali popote. Kilifanya kile kile kilichoundwa kufanya.

Upande wa pili wa kosa unajulikana zaidi. Gary Ridgway, muuaji wa Marekani, alipita kipimo mwaka 1984, akakamatwa 2001 na kukiri mauaji ya wanawake 48. Aldrich Ames, afisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyeanza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, alipimwa 1986 na 1991 akapita mara zote mbili, hadi alipokamatwa 1994. Jinsi Ames alivyofichuka ni somo kwa mnunuzi yeyote: wachunguzi walipanga tarehe alizokutana na mwanadiplomasia wa Kisovieti kando ya tarehe alizoweka fedha benki, na zikalingana. Karatasi za benki hazitoki jasho.

Kuna pia hila. Kwa kuwa matokeo ni tofauti kati ya maswali mawili, mdanganyifu hahitaji kuwa mtulivu kwenye swali la kesi. Inatosha ajichochee kwenye swali la ulinganisho, kwa kujiuma ulimi au kwa hesabu ngumu za kichwani. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mafunzo yasiyozidi nusu saa huwawezesha wengi kupenya. Mto wenye kihisi unapunguza hila za misuli; dhidi ya hesabu za kichwani hauna la kufanya.

Mwenye kutaka kuitumia kwa kuchuja wafanyakazi wengi kwa mpigo asome takwimu moja kabla ya kutia saini. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichambua ushahidi uliokuwapo. Lilikiri kwamba kwenye tukio moja mahususi kipimo hupata zaidi ya kubahatisha, ingawa kiko mbali na ukamilifu. Kisha likatoa mfano wa watu 10,000 ambao kati yao 10 ni majasusi. Kipimo kikilegezwa hadi kiwakamate majasusi 8, kitawaangusha pamoja nao watu 1,598 wasio na kosa. Yaani kwa kila mhalifu mmoja, unawachafulia jina wakweli wapatao 200. Ukikikaza ili wasio na kosa wanaoanguka wawe kama 40 tu, majasusi 8 kati ya 10 wanapita wakitabasamu. Na mfano huo ulikipa kipimo usahihi wa juu kwa makusudi. Marekani yenyewe, nyumbani kwa kifaa hiki, iliwakataza waajiri wengi wa sekta binafsi kukitumia kwa sheria ya mwaka 1988.

Sasa, kwa nini polisi wengi waliowahi kuitumia huisifu? Kwa sababu inaleta ungamo. Baada ya chati mpimaji huvuta kiti karibu, anaonyesha mistari na kusema, "Mashine inaonyesha kuna jambo hujaniambia." Wenye hatia wengi humwaga yote hapo. Lakini kumbuka mazungumzo ya mwanzo na jaribio la namba: mtu ameshaaminishwa kwamba mashine haikosei. Akiwa kijana, amechoka, hajalala, anaweza kuanza kutilia shaka kumbukumbu zake mwenyewe. Huko Connecticut, Marekani, mwaka 1973, kijana wa miaka 18 ambaye mama yake alikuwa ameuawa aliambiwa kwamba mashine imemwona muongo. Saa chache baadaye akakiri kumuua, kosa ambalo baadaye mashtaka yake yalifutwa. Kwa maneno mengine, bidhaa inayouzwa hapa ni chombo cha kuhojia chenye nyaya. Anayeinunua akijua hivyo hajadanganywa. Anayeinunua akidhani amepata shahidi wa kisayansi ndiye aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna aina nyingine ya kipimo kwa vifaa vile vile ambayo tunaiheshimu zaidi. Mtafiti David Lykken aliieleza mwaka 1959, na polisi wa Japani wameitumia kwa miaka mingi. Humuulizi mtu kama aliua. Unamtajia vitu vitano, kisu, waya, nyundo, kamba, bastola, na kuangalia kama mwili wake unaitambua silaha halisi. Asiye na hatia hana sababu ya kushtukia kitu kimoja kuliko vingine. Ukiwa na maswali sita ya machaguo matano, uwezekano wa mtu asiyejua kitu kushtukia jibu sahihi katika yote sita ni mmoja kati ya 15,625. Mambo mawili huiharibu. La kwanza ni jibu sahihi kuwekwa nafasi ya mwanzo, kwani chochote kinachotajwa kwanza hustua. Kwa hiyo la mwanzo liwe la kutupa, lisilohesabiwa. La pili ni siri kuvuja: gazeti likishaandika kwamba marehemu alipigwa nyundo, au mpelelezi mwenyewe akiropoka wakati wa mahojiano, swali la silaha limekufa. Ndiyo maana aina hii inafaa kesi chache tu, zile ambazo eneo la tukio lilifungwa vizuri.

Mahakama nazo zimeitazama bidhaa hii kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1923, katika kesi ya Frye huko Washington, babu wa mashine hii, kipimo cha presha cha William Marston, alikataliwa kwa kuwa wataalamu wa fani walikuwa hawajakikubali. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilikataa mwaka 1987 katika kesi ya Béland. Mahakama ya juu ya shirikisho ya Ujerumani ilisema mwaka 1998 kwamba ni ushahidi usiofaa kabisa. India, katika kesi ya Selvi ya mwaka 2010, ilizuia kumpima mtu bila ridhaa yake. Uingereza inaitumia kuwafuatilia baadhi ya wakosaji waliotoka gerezani kwa masharti, lakini sheria hairuhusu matokeo kuwa ushahidi dhidi yao katika kesi ya jinai. Zipo sehemu zinazoipokea kwa masharti, jimbo la New Mexico likiwa mfano, ila ni wachache kwenye kundi.

Tuwe waadilifu na kwa kiapo pia. Kiapo hakipimi uongo hata kidogo. Wala macho ya hakimu hayafui dafu: uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumlisha tafiti zaidi ya 200 ulikuta kwamba watu wanaomtazama na kumsikiliza mtu hutofautisha ukweli na uongo kwa asilimia 54 hivi, yaani nywele moja juu ya kurusha sarafu. Shahidi anayetetemeka, anayekwepa macho au anayejikuna huenda ni mwoga tu wa watu. Kwa hiyo anayesema mahakama inagundua uongo kwa kumsoma shahidi usoni anaitetea kwa hoja ile ile iliyoiua poligrafu.

Nguvu ya kiapo iko kwingine. Kinamlazimisha mtu achague toleo moja la maneno yake, kwa jina lake, likaandikwa, mbele ya mpinzani mwenye nyaraka, na adhabu ikiwa inamsubiri. Mtu aliyesema jambo ofisini anaweza kesho kudai hakueleweka. Aliyelisema kizimbani amefungwa nalo. Kisha yanakuja maswali ya dodoso, yaani yale ya wakili wa upande wa pili, na hapa ufundi ni wa hatua. Kila swali libebe jambo moja tu. Kwanza milango ifungwe: ulikuwapo, ulikuwa peke yako, hukutoka, una uhakika na saa. Hati inayompinga isitolewe kabla ya milango yote kufungwa. Wakili mchanga anayeitoa mapema humpa shahidi nafasi ya kupenya na maelezo mapya, na kosa hilo tu limezika dodoso nyingi nzuri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Dodoso ni kazi ya kumtembeza hadi ifike mwisho, hatua kwa hatua, bila kumfokea.

Kosa la kusema uongo chini ya kiapo nalo si jepesi kulithibitisha, na wanaolitishia ovyo hawasaidii. Ni lazima ionekane kwamba maneno yalitolewa kwa kiapo halali, kwamba ni ya uongo, kwamba msemaji alijua hivyo, na katika mifumo mingi ya sheria, kwamba yaligusa jambo lenye uzito katika kesi. Kukosea tarehe si uongo. Kupingana na shahidi mwingine si uongo. Pahali ambapo mashtaka haya hayafunguliwi kamwe, kiapo kinageuka wimbo wa kufungulia kikao.

Kiapo kina kasoro nyingine za matumizi. Karani akikisoma kwa kunung'unika na shahidi akaitikia bila kuelewa, umebaki na sauti tu. Mkalimani asiyeapishwa anaacha pengo kati ya kinywa cha shahidi na rekodi. Asiye na dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, apewe nafasi ya kuthibitisha kwa maneno yasiyomtaja Mungu. Uingereza iliruhusu hilo kwa upana kwa sheria ya mwaka 1888, na adhabu ya uongo ni ile ile. Kasoro kubwa kuliko zote ni shahidi mkweli aliyekosea. Anaapa kwa moyo mweupe kwamba mtu aliyemwona ni yule pale, kumbe siye. Sehemu kubwa ya hukumu za makosa zilizokuja kubatilishwa kwa vipimo vya vinasaba ilikuwa na utambuzi wa aina hiyo. Dodoso la umbali, mwanga, sekunde alizoona na kama alimjua kabla husaidia, lakini halimalizi. Poligrafu nayo, kwa shahidi kama huyu, haina kitu: angepita kwa alama za juu.

Tofauti inayotufanya tuchague ni kwamba kiapo kikikosea, kosa linabaki kwenye kumbukumbu. Maneno yapo, majina yapo, rufaa inaweza kuyasoma miaka kumi baadaye na kuyaweka kando ya ushahidi mpya. Poligrafu ikikosea, unachobaki nacho ni mistari na kauli ya mtu mmoja kwamba mistari hiyo ina maana fulani.

Kama bado unalazimika kuikodi, au unapelekwa kupimwa, dai haya kwa maandishi kabla ya mkanda kufungwa. Ridhaa isainiwe, ikisema wazi kwamba mtu anaweza kusimamisha kipimo wakati wowote. Video ichukuliwe tangu salamu ya kwanza hadi kuagana, pamoja na maongezi ya baada ya chati, maana ungamo hupatikana hapo. Maswali ya mwisho yakabidhiwe kama yalivyosomwa. Chati ghafi zitolewe katika faili la asili la programu, si picha. Mpimaji wa pili, asiyejua kesi wala alama za mwenzake, azipe alama upya. Wakitofautiana, jibu ni "haijulikani". Mtu asipimwe akiwa hajalala, ana homa au maumivu, na dawa zake ziandikwe, hasa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo. Swali la kesi ligusie tendo moja lenye tarehe na mahali. "Uliwahi kuiba kazini?" ni swali la kuvulia samaki wasiojulikana, na litakuletea hata aliyebeba kalamu ya ofisi.

Alama zetu: vihisi na programu, 4 kati ya 5. Kipimo cha maswali ya ulinganisho, 1. Kipimo cha kumtambua mwenye kujua siri ya tukio, 3, siri ikiwa haijavuja. Ripoti ya ukurasa mmoja inayosema "amedanganya" bila chati, bila maswali na bila video hatukuipa alama. Mwajiri aliyeletewa hiyo tu airudishe na asilipe salio.